Mtoto wa saba naye huugua

Kazi yangu hapa Kimali, mkoani Simiyu, ni kupita mji kwa mji nikiandikisha watu kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa. Nina simu mkononi. Napiga picha ya kila mwanakaya, naandika majina, napokea Sh30,000, na watu sita wanapata matibabu mwaka mzima kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kule Bariadi. Sina ugomvi na bei hiyo. Aliyewahi kuuza mbuzi usiku ili mtoto aongezwe damu hana ugomvi nayo pia. Ugomvi wangu ni na hiyo sita.

Sensa ya 2012 ilikuta kaya ya Simiyu ina wastani wa watu 6.9, na huo ni wastani tu. Miji mingi ninayobisha hodi ina baba na mama, watoto saba au wanane, bibi, na wajukuu walioachwa na binti aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi. Wote wanakula chungu kimoja na kupalilia shamba moja la pamba. Nikishasema ni watu sita, mazungumzo yanakatika. Mama mmoja aliwapanga watoto ukutani tayari kwa picha, kisha akaanza kuwatoa: huyu mkubwa, huyu haugui ovyo, huyu ni wa marehemu dada yangu. Mkwewe akajitoa mwenyewe. "Mwanangu, mimi niache, waandike watoto," akaniambia. Bibi yule ana presha ya siku nyingi. Pale nyumbani hakuna aliyeihitaji kadi kumzidi yeye.

Najua nitakavyojibiwa: wazee wasio na uwezo hutibiwa bure, na watoto wa chini ya miaka 5 vilevile. Sera inasema hivyo, nami huwashauri wazazi wasimalize nafasi kwa wachanga. Lakini msamaha hauingizi hata shilingi kwenye zahanati, wakati dawa zinanunuliwa kwa fedha. Zikiisha dirishani, bibi anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa, na mwenye duka hana msamaha wa kumpa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Naiunga mkono kwa moyo wote, hasa ule mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao sheria inataka uchangiwe na kodi za vitu kama pombe, soda, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Ila muswada ulipokuwa ukijadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kilikuwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita. Bei ilizidi ya CHF zaidi ya mara kumi, sita ikabaki pale pale. Mwenye watoto wawili mjini anapata nafasi za ziada. Mkulima wa huku kwetu Meatu au Itilima mwenye watu kumi na mmoja anatakiwa alipie kaya mbili ilhali shamba ni moja na jembe la ng'ombe ni moja. Mzigo huo anabebeshwa mtu mwenye kipato kidogo zaidi, na mimi siuoni uhalali wake.

Kaya ihesabiwe kama ilivyo. Kama kuna hofu kwamba watu wataingiza majirani, mwenyekiti wa kitongoji anamfahamu kila mtoto na anakolala. Asaini orodha, naye awajibike akidanganya. Kiwango kiongezeke kidogo kwa kaya kubwa, kisirudiwe chote kwa sababu ya mtoto mmoja aliyezidi.

Tena mchango ukusanywe pamba inapouzwa, kuanzia Mei na kuendelea, mkulima anapopokea fedha zake kupitia AMCOS, yaani chama chake cha ushirika. Mbegu na viuatilifu vya mkopo vinakatwa papo hapo kwenye mauzo, kwa hiyo njia ipo; kinachohitajika ni ridhaa ya mkulima kwa maandishi na risiti mkononi. Nikibisha hodi Februari, wakati wa palizi, nakuta ghala linaelekea kwisha na malaria imeshaingia. Wananiambia nirudi baada ya mavuno, nami siwalaumu. Kadi nyingi huisha muda wake miezi hiyohiyo na haziwezi kuhuishwa, mpaka mtu apate cha kuuza.