DAMU YA MWANAKONDOO HAINA BEI



Wiki hii mama mmoja alinijia akilia. Aliambiwa mahali fulani kwamba kijana wake hapati kazi kwa sababu ya laana ya ukoo, na haitavunjika mpaka apande mbegu ya shilingi 10,000. Alikuwa ameshatoa nusu, ya mkopo wa simu. Akaniuliza, "Pasta, nikikosa hiyo nyingine, Mungu atamwacha mtoto wangu?"

Mpendwa, soma Kutoka 12. Usiku ule Misri, kilichookoa mzaliwa wa kwanza ni damu ya mwanakondoo iliyopakwa mlangoni. Mungu hakuuliza aliye ndani ana nini mfukoni. Aliangalia damu.

Sasa soma Walawi 12:8. Mama aliyejifungua alipaswa kuleta mwanakondoo, lakini asiye na uwezo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Kisha nenda Luka 2:24 uone Mariamu na Yusufu walileta nini hekaluni. Ndege wawili! Yule mama aliyembeba Mwanakondoo wa Mungu mikononi hakuweza kununua mwanakondoo. Na Simeoni aliwabariki vivyo hivyo.

Unaona, mpendwa? Tangu siku ile Isaka alipomuuliza baba yake mwanakondoo yuko wapi, jibu limekuwa lile lile: Mungu mwenyewe ndiye anayetoa. Pale Yordani, Yohana Mbatizaji alimwonyesha kwa kidole. Pale msalabani, alichinjwa mara moja tu. Petro naye anatukumbusha (1 Petro 1:18-19) kwamba kilichotukomboa si pesa, ni damu ya Kristo.

Sipingi sadaka. Toa fungu lako, saidia kazi ya Mungu, lisha yatima. Lakini sadaka ni asante, si fidia. Anayekuuzia ukombozi anakuambia kwamba damu ya Yesu haikutosha. Hilo silikubali, hata likisemwa na mtumishi mwenzangu kwenye madhabahu kubwa. Sisi wachungaji tutatoa hesabu.

Yule mama tuliomba naye papo hapo, bure. Nikamwambia, "Mama, lipa mkopo wa watu, lakini usiongeze hata shilingi. Deni la mtoto wako lilishalipwa."

Kama kuna mtu ameshika simu usiku huu akitafuta pa kukopa ili anunue maombi, mtumie ujumbe huu kabla hajabonyeza.

Unaamini damu inatosha? Andika AMINA.