Staa kanunua spika za mamilioni, sauti inatoka kwenye laptop na waya wa buku tano!

Sebule ya yule staa mshaiona wote. Sofa nyeupe, taa za bluu ukutani, na zile spika mbili ndefu zinazomfikia mtu kifuani. Akaandika "mziki mnene", mashabiki wakamwaga emoji za moto.

Ila waliotazama video vizuri waliona kitu mezani. Laptop, waya mwembamba kwenye tundu la hedifoni, na waya huo huo ukaenda moja kwa moja kwenye amplifaya. Wimbo wenyewe ulikuwa MP3 iliyoshushwa kutoka YouTube.

Dogo mmoja fundi kompyuta akaandika kistaarabu tu kwamba spika hazina kosa, tatizo liko kwenye kompyuta. Alioga matusi! "Wivu", "tafuta hela zako", "una hata redio wewe?" Siku ya pili komenti yake haikuwepo tena.

Ukweli usemwe, dogo alikuwa sahihi.

Spika haiwezi kutoa kitu ambacho hakimo kwenye faili. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, inabeba kilobiti 1,411 za sauti kila sekunde. MP3 ya 128 haifikii hata moja ya kumi ya hapo. Kilichokatwa ndo kimekatwa. Kuigeuza iwe ya 320 ni kuongeza maji kwenye supu, bakuli linajaa lakini nyama ni zile zile. MP3 ya 320 iliyotengenezwa kutoka kwenye CD ni habari nyingine, hiyo masikio ya wengi hayaitofautishi na CD yenyewe. Na anayetaka kila kitu kibaki, kuna FLAC, ipo tangu 2001 na ni bure. Inapunguza ukubwa wa faili bila kutupa sauti, kama kukunja shati badala ya kulikata mikono.

Halafu kuna lile tundu la hedifoni. Ndani ya kompyuta, sehemu inayogeuza namba kuwa sauti imebanana na feni, prosesa na umeme. Na ukichomeka chaja unaweza kusikia "zzzzz" kwenye spika. Mara nyingi kinachosaidia ni DAC ya nje, kidude kinachochomekwa USB. Kuna zenye ukubwa wa flashi tu, na bei yake ni ndogo kuliko simu ya kawaida. Kompyuta inabaki kutuma namba, kazi ya sauti inafanyika nje ya kelele.

Baada ya hapo ni mambo madogo. Sauti ya kompyuta ipandishwe mpaka mwisho, ipunguzwe kwenye amplifaya. Mlio wa meseji uzimwe. Na wala haihitajiki kompyuta mpya, kucheza muziki ni kazi nyepesi hata kwa PC ya zamani, mradi feni yake isipige kelele.

Watasema spika ndo kila kitu. Ni kweli zinabadilisha sauti kuliko kifaa kingine chochote, hilo halina ubishi. Lakini spika ya bei rahisi inaficha madhambi, nzuri inayaanika. Kwa hiyo staa kalipa mamilioni ili asikie vizuri zaidi ubovu wa faili lake.

Kinachouma ni kwamba huyu ni msanii. Prodyuza wake anakesha kutengeneza besi na sauti za juu, mwenye wimbo anausikiliza nyumbani nusu nusu. Anayejua dawa yake katukanwa kwa sababu hana sofa nyeupe. Mjini tumezoea kumsikiliza mwenye hela hata kwenye mambo ya fundi.

Staa amuite dogo sebuleni. Wimbo ule ule, spika zile zile, DAC na faili safi. Nusu saa tu inatosha.

Na wewe nyumbani unasikilizia nini? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana!