Kasongo na Kabambare: juu ya nini kanga wa pori wanazidi kuwa mbali na vijiji?

Zamani, mutu aliyetoka Kasongo asubuhi mapema kuelekea upande wa Kabambare alikuwa anakutana na kanga barabarani. Walikuwa wanavuka wakikimbia, mumoja nyuma ya mwingine, wakilia ile sauti yao kama mulango unaokosa mafuta. Sisi tuliokomaa katika miaka ya 1990 tunakumbuka. Leo unaweza kwenda na moto kutwa nzima bila kuona hata unyoya. Kanga tunayemuona sana njo ule aliyefungwa miguu kwenye usukani wa moto, kichwa chini, anapelekwa sokoni.

Mambo hayo yanaonekana madogo mbele ya vita, barabara mbaya na bei ya chumvi. Lakini kanga ni nyama ya mutu asiyekuwa na mbuzi. Ni pesa ya masomo ya watoto wa muwindaji. Akiisha, hakuna duka litakalomurudisha.

Ndege gani tunazungumuzia?

Katika Maniema ya kusini, musitu unakutana na majani marefu. Kwa hiyo tuko na kanga wa namna mbili. Wa kwanza ni wa majani: kichwa bila manyoya, mufupa juu kama kofia, na madoa meupe mwili wote. Wa pili anakaa musituni na ana manyoya meusi juu ya kichwa. Yuko tena ndugu yao mukubwa, tausi wa Kongo, asiyepatikana katika inchi ingine yoyote. Mwaka wa 1913 Mwamerika James Chapin aliona unyoya wake mumoja katika kofia ya mutu kule Ituri, lakini hakujua ni wa ndege gani. Ni katika 1936 tu, alipoona ndege wawili waliokauka katika muzeo ya Tervuren, Ubelgiji, njo alielewa. Tausi huyo analindwa na sheria kabisa, na anaishi katika misitu mikubwa kama ile ya Parke ya Lomami, iliyoundwa 2016 kati ya Maniema na Tshopo. Lakini kanga wa Kasongo na Kabambare yuko inje ya parke. Mulinzi wake ni sisi wenyewe.

Mambo mane yanayomubana

La kwanza ni moto. Kanga hatagi juu ya muti. Anachimba kidogo chini, kati ya majani, anaweka mayai sita mpaka kumi na mbili, ao zaidi, na anayalalia karibu wiki ine. Moto wa mwanzo wa kipwa unapita haraka na hauharibu sana. Ule wa mwisho, wakati majani yamekauka kabisa na mvua inakaribia, unachoma kila kitu, na ndege wanaoanza kutaga wanabaki bila pa kujificha. Ongeza watu wanaookota mayai porini ili kuyaweka chini ya kuku wa nyumbani: kiota kimoja kikichukuliwa, ni kundi zima la mwaka kesho limepotea.

La pili ni silaha. Kanga ana desturi: anarudia mayi ileile, na usiku analala juu ya muti uleule pamoja na wenzake. Muwindaji wa upinde alikuwa anapata mumoja, wengine wanaruka. Mwenye tochi na kalibre 12 anaweza kupunguza kundi usiku mumoja. Waya wa mutego nao haulali, na hauchagui kati ya dume na mama mwenye watoto.

La tatu ni soko. Kando ya zahabu ya Namoya na Salamabila watu wamekuwa wengi, na muchimbaji ana pesa mukononi leo, si kesho. Nyama ya pori inauzwa kabla ya kufika sokoni. Zamani muwindaji alikuwa anawinda juu ya chungu chake. Sasa anawinda juu ya chungu cha watu asiowajua, na chungu hicho hakijai.

La ine ni vita. Familia iliyokimbia na kuacha mbuzi na kuku nyuma itakula nini? Itakula pori. Hakuna mutu wa kuilaumu. Lakini kila wakati mifugo inapoibiwa, deni linalipwa na nyama za musituni.

Wamarekani walifanya namna gani?

Kule Amerika bata mzinga ni ndege wa pori. Walimuwinda mpaka, katika miaka ya 1930, hesabu ilishuka kufikia karibu 200,000. Kisha walifunga uwindaji kwa miezi fulani, walikamata ndege pahali walipobaki na kuwapeleka pahali walipoisha, na pesa ya wawindaji ililipa kazi hiyo. Wakapita milioni sita. Lakini miaka hii wanapunguka tena katika majimbo ya kusini. Walijua mapema kwa sababu kila mwaka, watoto wakiisha kutotolewa, wanahesabu: mama mumoja anatembea na watoto wangapi?

Ulizo hilo halihitaji ndege ya kuruka wala kompyuta. Mukulima anayelinda muchele wake anaweza kulijibu. Mama akionekana na watoto wanane, pori linazaa. Kila mama akionekana peke yake, wakubwa wanaobaki ni wazee wasiokuwa na warizi, hata kama tunaona bado wengi.

Sheria iko, kazi inabaki

Sheria ya uwindaji ya 1982 inaomba ruhusa, na inaweka wakati wa kufunga uwindaji. Wengi wanaijua tu pale wanapolipishwa barabarani. Lakini tangu dekre ya Agosti 2014, kijiji kinaweza kuomba musitu wake ukubaliwe kuwa musitu wa jamii, mpaka hektari 50,000, na kupanga namna ya kuutumia. Njia hiyo ni ndefu na ina makaratasi mengi. Kuna mambo yasiyongojea karatasi: chifu na wazee kukubaliana kwamba moto unawashwa mwanzoni mwa kipwa na si mwishoni, kwamba mayai hayaokotwi, na kwamba muti wa kulalia haupigwi bunduki usiku.

Babu zetu walikuwa na pori fulani ambapo hakuna mutu anaingia na upinde. Tuliwacheka, tukasema ni mambo ya mizimu. Labda walikuwa wanalinda mbegu. Mukulima anayekula mbegu yote ya karanga hatushangai akikosa mavuno. Kwa nini tushangae juu ya kanga?