Mlinzi Naye Ajilinde: Mkate wa Ndizi Usio na Sukari Nyingi

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wamezoea kusikia habari za ulinzi wa mipaka, ulinzi wa raia na mali zao, na utunzaji wa silaha walizokabidhiwa. Leo twapenda kusema nao juu ya ulinzi mwingine, ambao hauna gwaride wala tarumbeta, nao ni ulinzi wa mwili wa askari mwenyewe na wa jamaa yake. Tutaanzia jikoni, katika jambo ambalo huenda wengine wakalidharau kwa udogo wake: mkate wa ndizi unaookwa nyumbani.

Maoni yetu ni haya. Mkate huu wafaa sana kuokwa katika nyumba za askari, lakini usiokwe kwa ile desturi ya kumimina sukari na siagi bila kipimo. Ndizi iliyoiva huja na utamu wake. Mtu akiiongezea kikombe kizima cha sukari, atakuwa amepika keki na kuibandika jina la mkate, na jina halibadili kilichomo ndani.

Katika Uganda hakuna watu wanaoujua uzito wa mgao wa chakula kuwapita askari. Neno lenyewe "posho", ambalo katika Kiswahili lina maana ya mgao apewao mtu kwa ajili ya chakula, hapa kwetu limekuwa jina la chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi. Posho na maharage vimelisha vizazi vya askari, nasi hatuna ugomvi navyo. Ugomvi wetu ni na vile viliwavyo kati ya mlo na mlo: chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama, andazi lililolowa mafuta, na chupa ya soda ya kuondolea uchovu wa lindo.

Tufanye hesabu, kwa maana askari ni mtu wa hesabu. Kijiko kimoja cha chai, kikiwa sawa bila kilima, hubeba kama gramu 4 za sukari. Mtu anayetia vijiko vinne katika kikombe, naye akanywa vikombe vitatu kwa siku, amekwisha kula gramu 48 kabla hajaligusa andazi. Akiongeza chupa moja ya kola ya mililita 300, ameongeza gramu 30 na zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isifikie sehemu ya kumi ya nguvu yote tuipatayo katika chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtu mzima wa kawaida, kiwango cha kwanza ni kama gramu 50, na cha pili ni kama gramu 25, yaani vijiko sita tu vya chai. Askari wetu wa vikombe vitatu na soda moja ameipita mipaka yote miwili kabla ya jua kutua.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Sukari haimwangushi mtu kwa siku moja kama risasi. Huingia kijiko kwa kijiko. Kiuno kikapanuka, mkanda ukaongezwa tundu, na baada ya miaka mtu akaambiwa ana kisukari au shinikizo la damu. Maradhi haya yana sababu nyingi, zikiwamo za ukoo na za umri, wala hatusemi kwamba sukari peke yake ndiyo mkosaji. Lakini uzito uliozidi huyafungulia mlango, na vinywaji vyenye sukari nyingi ni miongoni mwa njia rahisi za kuuongeza uzito huo.

Wako watakaotujibu kwamba askari hukimbia kilomita nyingi alfajiri, kwa hiyo huichoma sukari yote. Jibu hilo lamfaa kuruta. Je, na yule dereva aketiye katika gari tangu asubuhi hadi usiku? Na karani wa kituo? Na polisi wa barabarani asimamaye saa nane mahali pamoja? Na sajini aliyepita umri wa miaka arobaini, ambaye bado ana njaa ya kijana wa miaka ishirini lakini hana tena mbio zake? Tena watoto wetu katika kambi za Bombo, Mbuya, Nsambya na Naguru hawamo katika mazoezi ya alfajiri, ilhali vitamu wavilavyo ni vilevile.

Hapo ndipo mkate wa ndizi unapoingia. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zinazokula ndizi nyingi kuliko zote duniani. Isingiro, Bushenyi, Masaka na miteremko ya mlima Elgon hutuletea mikungu isiyo na idadi. Tunayo matoke ya kupika, gonja ya kuchoma, bogoya ndefu ya kuliwa ikiiva, na zile ndizi ndogo tamu zinazoitwa sukali ndizi. Nchini Marekani mkate wa ndizi ulienea katika vitabu vya mapishi katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, ambapo kutupa tunda lililoiva kupita kiasi kulionekana ni hasara. Ikiwa watu wanaoletewa ndizi kwa meli waliona uchungu kuzitupa, sembuse sisi ambao mgomba uko nyuma ya nyumba?

Wala asiseme mtu kwamba jambo hili ni la kigeni. Mama zetu wamekuwa wakiponda ndizi ndogo na kuzikanda na unga wa muhogo, kisha wakazikaanga zikawa kabalagala. Wazo ni lile lile. Tofauti ni kwamba kabalagala huogelea katika mafuta, na mkate huokwa kwa mvuke wake na joto kavu.

Sababu ya kupunguza sukari imo katika ndizi yenyewe. Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo. Inapoiva, wanga ule hugeuka kuwa sukari, na ndiyo maana ndizi yenye madoa meusi ni tamu na laini kuliko ile ya manjano safi. Wauzaji wengi huziuza za namna hiyo kwa bei nafuu, wakidhani kwamba thamani yake imekwisha. Kwa mwokaji, hapo ndipo thamani inapoanza. Ila zilizoota ukungu, au zinazonuka kama pombe, zitupwe.

Vipimo vyake ni hivi. Chukua bogoya tatu zilizoiva sana, uzimenye na kuziponda kwa uma. Ongeza mayai mawili, vijiko vitano vya mezani vya mafuta ya kupikia yasiyoganda, kama vile ya alizeti, na nusu kikombe cha maziwa ya mgando. Sukari isizidi vijiko vinne vya mezani, ambavyo ni kama gramu 50. Anayeweza, atie viwili, na aliyezoea asitie kabisa. Katika bakuli la pili changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha unga mweupe na kimoja cha unga wa ata usioondolewa pumba, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mdalasini au iliki kidogo huongeza harufu tamu, na pua hudhani kwamba sukari imeongezwa.

Kila badiliko lina sababu yake. Pumba ya ngano ina nyuzinyuzi ambazo hulishibisha tumbo na kulisaidia kufanya kazi yake. Unga mweupe umenyang'anywa sehemu kubwa ya hizo. Lakini unga wa ata hunywa maji mengi na mkate wake huwa mzito, na ndiyo maana tumeshauri nusu kwa nusu na tukaongeza maziwa. Uchachu wa maziwa ya mgando nao una kazi: ukikutana na magadi soda hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo mkate bila hamira. Kwa hiyo rojo likishachanganywa lisikawizwe, liingie motoni mara moja. Tena lisikorogwe kwa nguvu kama posho. Ukiona unga mkavu umetoweka, acha, la sivyo mkate utakuwa mgumu kama soli ya buti. Apendaye aweza kutia konzi ya karanga au simsim iliyokaangwa bila mafuta, mradi karanga ziwe kavu na zisizo na ukungu, maana ukungu wa karanga una sumu inayodhuru ini.

Asiye na tanuri la umeme asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa yenye kifuniko kizito, utandaze ndani yake mchanga mkavu na safi wa kina cha vidole viwili, uiweke juu ya jiko la mkaa mpaka mchanga upate moto. Bati la mkate lililopakwa mafuta na kutiwa rojo liketi juu ya mchanga, kisha funika na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe wa kadiri. Baada ya muda wa saa moja hivi, choma katikati ya mkate kwa kijiti kikavu; kikitoka kisafi, mkate umeiva. Mwenye tanuri atumie joto la nyuzi 180 za sentigredi kwa dakika 50 hadi 60. Mkate upoe kabla ya kukatwa, na kwa kuwa una unyevu mwingi, uliwe ndani ya siku mbili au tatu.

Hapa twatoa onyo ambalo twaomba lisipuuzwe. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, wala lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya kuota moto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Nyumba nyingi za kambini ni za chumba kimoja au viwili. Moto ukae nje, au penye dirisha na mlango vilivyo wazi.

Turudi kwenye hesabu. Mapishi mengi ya mkate wa namna hii hutaka kikombe kizima cha sukari, yaani kama gramu 200. Ukikatwa vipande kumi, kila kipande kina gramu 20 za sukari iliyoongezwa, ambayo karibu inamaliza kile kiwango bora cha siku nzima. Kwa vipimo vyetu kipande kina gramu 5, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Utamu uliobaki ni wa ndizi, ambao huja pamoja na nyuzinyuzi na madini ya potasi. Lakini tusidanganyane: mkate huu si dawa. Una wanga, una mafuta, na alaye nusu ya mkate mzima kwa chai ya vijiko vinne hajajisaidia kitu. Asali nayo isitumiwe kama njia ya mkato, kwa kuwa katika hesabu hii nayo ni sukari. Na aliye na kisukari afuate kwanza maagizo ya daktari wake.

Twajua pia kwamba wako waume watakaolifunga gazeti hili na kusema kwamba mambo ya jikoni ni ya mama watoto. Tungependa kuwauliza: ni nani anayepika katika majiko ya jeshi? Ni askari wenzao, wenye vyeo na nidhamu, nao hupikia mamia ya watu. Ikiwa mwanamume akipika kambini anaitwa afande, hatuoni kwa nini akiponda ndizi tatu nyumbani kwake siku ya mapumziko apungukiwe na heshima. Mtoto amwonaye baba yake akipima sukari kwa kijiko hujifunza kipimo bila kuhubiriwa.

Wakubwa wa kambi nao wana sehemu yao. Kantini nyingi hujaza rafu kwa soda na biskuti kwa sababu hizo hazihitaji kazi. Twashauri wake wa askari wenye ujuzi wapewe nafasi ya kuleta mikate ya ndizi yenye sukari kidogo, iuzwe kwa vipande, na chai ya kantini itolewe bila sukari, bakuli la sukari likae pembeni ili kila mtu ajitilie kwa hiari yake. Hatua hizo hazihitaji fungu jipya la fedha, na pato kidogo litabaki mikononi mwa jamaa za askari wenyewe.

Askari huapa kuilinda nchi, na nchi humtegemea kwa miaka mingi, si kwa ile ya ujana wake tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu twaweza kuuziba sasa, kila mmoja katika nyumba yake, kwa kupunguza kijiko kimoja leo na kingine juma lijalo.