Ng'apa Haina Kosa

Jamani, nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za chumba cha habari mnazijua. Nimerudi, tena nimerudi na hasira. Mnivumilie.

Nilikuwa nyumbani Kilwa Masoko. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza kozi ya kompyuta na anajenga tovuti ya kuandikisha wageni wanaotaka kuvuka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Fomu yenyewe ndogo tu: jina, unakotoka, siku ya kuvuka. Kaiandika kwa PHP. Hata shikamoo haijapoa, akaanza kunieleza maajabu. "Kaka, mtu wa Kivinje anajiandikisha bila tabu. Wa Nangurukuru bila tabu. Akija mtu wa Ng'apa, ukurasa mweupe pee!"

Ng'apa ni kule Lindi, kwa wasioijua.

Kijana alishampigia mwalimu wake. Mwalimu akampa dawa tatu: zima ujumbe wote wa makosa, weka ruhusa za mafaili ziwe 777, halafu waambie wateja waandike "Ngapa" bila hicho kidude cha juu.

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Kidude hicho kina jina, kinaitwa ritifaa, na bila yake ng'ombe si ng'ombe. Yaani mtu aitwaye Ng'wandu abadili jina la babu yake ili fomu ya boti imkubali?

Tukafungua faili ambamo seva huandika makosa yake. Kuwaficha wageni makosa ni sawa kabisa, lakini kujificha wewe mwenyewe uliyeandika programu ni kuendesha gari usiku umezima taa. Jibu lilikuwa pale pale: hifadhidata inalalamika kwamba haielewi kitu kuanzia herufi "apa". Basi. Kwenye lugha ya hifadhidata, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Kijana alikuwa akichukua alichoandika mgeni na kukichomeka katikati ya amri, kama kilivyo. Mgeni akiandika Ng'apa, maneno yanafungwa baada ya "Ng", na "apa" inabaki nje inaning'inia kama amri isiyojulikana.

Na sasa sikilizeni. Kama "apa" inaweza kutoka nje ya uzio na kuwa amri, basi mhuni naye anaweza kuandika amri halisi kwenye kile kisanduku, akasoma namba za simu za wateja wote au akafuta orodha nzima. Tundu hili lilielezwa hadharani kwenye jarida la Phrack mwaka 1998! Mtu wa Ng'apa hakuharibu tovuti. Ameonyesha mlango ulio wazi, na mwalimu anashauri tumfukuze mtu, mlango tuuache.

Dawa yake ni kutuma amri peke yake, mahali pa maneno ya mgeni umeweka alama ya kuuliza, kisha maneno yenyewe unayatuma kando. Hapo ritifaa inabaki ritifaa. PHP ina PDO ya kufanyia kazi hiyo tangu 2005. Madaftari ya kozi ya kijana bado yanafundisha mysql_connect, iliyoondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015. Yeye akaongeza herufi "i" na kuhamishahamisha vitu ndani ya mabano mpaka ikakubali. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa.

Ile 777 wala haikuhusika. Tarakimu tatu hizo ni za mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Saba ni 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha. Kwa hiyo umemruhusu kila aliyemo kwenye seva hiyo abadili faili lako. Mafaili kwa kawaida yanatosheka na 644, mafolda 755.

Wengine watasema vijana hawasomi makosa kwa sababu ya Kiingereza. Usanii huo! Kwa miaka mingi PHP ilikuwa ikitoa kosa lenye neno "Paamayim Nekudotayim". Ni Kiebrania, kiliachwa na Waisraeli wawili, Zeev Suraski na Andi Gutmans, walioiandika upya kwa ajili ya toleo la 3 la mwaka 1998. Maana yake nukta mbili, mara mbili: alama hii ::. Wamarekani na Wajerumani waliling'ang'ania neno hilo wakaelewa. Sisi tulio na "nukta" yetu kutoka Kiarabu tulipaswa kulishtukia kabla yao.

Kijana akaandika upya. Ng'apa ikapita. Ila akiwa na furaha yake, ukurasa wa "Asante" ukagoma kufunguka. Safari hii hakunitazama. Akafungua faili la makosa mwenyewe, akasoma kwa sauti, neno moja moja: vichwa vya habari haviwezi kutumwa, kwa kuwa kuna kitu kimeshatangulia kwenda kwa kivinjari. Faili gani? Lile jipya la kuunganisha hifadhidata. Alikuwa ameacha mstari mtupu juu kabisa, kabla ya alama ya kuanzia PHP.

"Mstari wa kwanza, kaka," alisema. Nilikuwa hata sijavuta kiti.