Atakufa tu?

Machi 1992, Florida, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike asiye na sehemu kubwa ya ubongo wala mfupa wa utosi. Madaktari huiita hali hiyo anensefali. Wazazi walishaambiwa mimba ikiwa kubwa, wakakubali azaliwe kwa upasuaji ili moyo, ini na figo zake ziwafae watoto wengine. Lakini shina la ubongo wake lilikuwa likifanya kazi, na kwa sheria alikuwa hai. Mahakama ikakataa viungo vitolewe. Siku chache baadaye alifariki, viungo vikiwa vimekwisha haribika. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya jimbo ikashikilia uamuzi uleule.

Ni rahisi kuwalaumu majaji. Viungo vilioza, nani alifaidika?

Hata kusubiri kulikuwa kumejaribiwa. Hospitali ya Loma Linda, California, mwishoni mwa miaka ya 1980, iliwapa watoto 12 wa aina hiyo huduma ya wagonjwa mahututi, ikitarajia ubongo ufe kabla ya viungo kuharibika. Wawili tu ndio waliotimiza vigezo vya kifo cha ubongo, na hakuna kiungo kilichopandikizwa. Ndipo mwaka 1995 baraza la maadili la Chama cha Madaktari cha Marekani likaruhusu viungo vitolewe mtoto akiwa bado hai. Madaktari wenzao wakapinga, na kabla ya mwaka kwisha ruhusa ikasitishwa.

Kwa maoni yangu walifanya vyema kurudi nyuma. Hoja ya “atakufa tu” haina mpaka: leo ni wa anensefali, kesho ni mwenye moyo usiotibika, keshokutwa ni mtu mzima aliyezimia miaka mingi. Na mzazi gani atamkabidhi daktari kichanga mahututi huku akijua kuna mtoto chumba cha pili anayeusubiri moyo wake?

Hata hivyo, wazazi wale wa Florida hawakuwa wakatili, na kuwajibu kwa sheria pekee hakutoshi. Mwaka 2014, Uingereza, kichanga mwenye hali hiyohiyo aliishi chini ya saa mbili. Moyo ulipokwisha kusimama, figo zake zilitolewa zikapandikizwa kwa mtu mzima. Hilo liliwezekana kwa sababu familia na madaktari walizungumza mapema.

Basi mashauriano hayo yaanzie kliniki ya wajawazito, siku majibu ya picha yanapotoka, na kisu kisubiri kifo.