Jicho jeupe kwenye picha ya mtoto: Ni kamera au ni ugonjwa?

Mzazi, fungua picha za mwanao zilizomo kwenye simu yako, hasa zile zilizopigwa usiku kwa flashi. Zikuze, kisha angalia ule weusi wa katikati ya kila jicho, yaani mboni. Je, macho yote mawili yanafanana?

Macho kuwa mekundu kwenye picha ya flashi ni jambo la kawaida. Kwenye mwanga hafifu mboni hutanuka. Flashi inapowaka, mwanga hupenya hadi nyuma ya jicho, kwenye retina yenye mishipa mingi ya damu, kisha hurudi kwenye kamera ukiwa mwekundu au wa rangi ya chungwa.

Shida ni pale jicho moja linapotoka jekundu na jingine likang'aa weupe, kama jicho la paka usiku. Inaweza kuwa kasoro ya picha. Inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Saratani hii ni adimu. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Lakini ikichelewa inaua, na ikiwahiwa inatibika.

Kagua kamera kwanza

Lenzi chafu: Alama za vidole na mafuta huleta ukungu mweupe, lakini ukungu huo husambaa kwenye uso mzima, haubaki ndani ya mboni peke yake. Futa lenzi kwa kitambaa laini na safi.

Nukta ya mwanga: Kila jicho huwa na kinukta kidogo cheupe kinachotokana na taa au dirisha. Kikiwa kidogo na kipo mahali palepale kwenye macho yote mawili, usihofu.

Mtoto kutazama pembeni: Nyuma ya jicho kuna sehemu ya rangi hafifu ambako mshipa wa fahamu wa jicho huanzia. Flashi ikipiga hapo, jicho moja linaweza kutoka jeupe hata kama ni zima.

Programu za urembo: Nyingi hubadilisha rangi ya macho, na ile inayoondoa wekundu inaweza kukuficha jambo muhimu. Zizime zote.

Piga upya

Subiri jioni, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Washa flashi mwenyewe, usiiache ijiamulie. Simama umbali wa mita 2 hadi 3, wala usiisogeze simu karibu na uso wa mtoto. Mtu mwingine amshike atulie, kwa sababu kwenye giza kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mtoto akitikisika picha hutoka na ukungu. Piga kadhaa akitazama kamera moja kwa moja, nyingine akitazama kulia, kushoto na juu. Kisha pitia na picha zake za zamani.

Weupe ukijirudia kwenye jicho lilelile, hiyo si kasoro ya kamera tena. Mpeleke mtoto hospitali ndani ya siku chache, usisubiri tarehe ya kliniki. Hata kama umeuona mara moja tu, mtaje kwa daktari.

Usifute picha hizo

Nenda nazo. Ukihitaji kumtumia daktari kwa WhatsApp, zitume kama faili ili zisipunguzwe ubora. Ukiambiwa "ni simu tu" bila mtoto kupimwa, omba kwa heshima rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho. Hospitali kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi, zina wataalamu hao. Daktari ataweka dawa ya kutanua mboni, kisha atachungulia nyuma ya jicho. Hakuna picha ya simu inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo hicho.

Ikithibitika ni saratani, zipo dawa, mionzi ya leza na tiba ya kugandisha uvimbe. Wakati mwingine jicho huondolewa ili kuokoa uhai, na mtoto huwekewa la bandia. Ndugu zake nao wapimwe, kwani baadhi ya familia hurithi hali hii. Dawa ya matone ya kununua tu dukani na dawa za kienyeji haziuondoi uvimbe, zinakula muda.

Na picha zikitoka nzuri? Hazitoshi kusema jicho ni zima. Makengeza yaliyoanza ghafla, wekundu usiopona, jicho kuvimba au mtoto kushindwa kufuata kitu kwa macho, yote hayo ni sababu za kumwona daktari, hata kama simu haikuonyesha kitu.